Hema Mbele ya Mlango wa Ma Kokuberwa

Kitu cha kwanza ambacho kaka yangu Protase alikishusha kwenye gari lake kilikuwa choo.

Sisemi karatasi za chooni. Nasema choo chenyewe: ndoo pana ya plastiki ya kijivu, yenye kiti na kifuniko, na chini yake tangi lenye dawa ya buluu. Alikishusha kwa mikono miwili huku mama yetu, Ma Kokuberwa, mwenye miaka themanini na moja, amesimama mlangoni na kanga mpya akisubiri mwanawe aje amsalimie. Mwana akampita na ndoo yake. "Orairota, Mama, naja sasa hivi," akamsalimia juu juu kwa Kihaya, akaenda nyuma ya migomba kumtafutia binti yake mahali pa kujisaidia.

Tuna choo. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Kina mlango, kina bawaba, na siku mbili kabla ya wageni kufika nilikuwa nimepiga magoti nikisugua sakafu yake kwa brashi na sabuni ya unga mpaka vidole vikachubuka. Hata nzi angeona haya kuingia. Nikamtazama Protase akirudi kutoka kibanjani na ile ndoo, sasa ikiwa na kitu ndani, akaifunga, akairudisha nyuma ya gari, ikakaa bega kwa bega na sanduku la barafu lenye soseji na maziwa. Nikameza mate kwa kinyaa.

Mimi ndiye Felicitas, wa mwisho kuzaliwa. Nimekaa na mama hapa Kishanda miaka tisa tangu baba afariki. Protase ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, ana kazi nzuri Dodoma, na mara ya mwisho kulala nyumbani ilikuwa kwenye mazishi ya baba. Mwaka huu, shule zilipofungwa, alipiga simu kwamba anakuja na mkewe Nancy na watoto wawili, Mwesiga na Joanitha, kwa gari, na kwamba njia nzima watalala kwenye hema. Wamelala hemani Mwanza kando ya ziwa. Wamelala hemani Biharamulo. Na usiku wa Ijumaa, tukiwa tumewapikia, wamelala hemani pale Muleba mjini, kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni, mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama aliyemzaa.

"Ni utalii, dada," aliniambia kwenye simu. "Watoto wajifunze mazingira."

Mama hakujua utalii. Alichojua ni kwamba mwanawe anakuja, na alikuwa na neno moja tu ambalo alilirudia wiki nzima, akimenya ndizi, akisali rozari, akioga: "Safari hii atalala ndani." Nilikwenda bondeni mara tatu kukata nyasi mpya za kutandika sebuleni, kama inavyotakiwa anapokuja mtu wa kuheshimiwa. Mama alihamisha nguo zake jikoni ili kitanda chake, kile cha mninga alichotengenezewa na baba, kiwe cha Protase na mkewe. Juu ya meza akaweka kikapu kidogo chenye kifuniko cha ukili, ndani yake akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ambayo aliichemsha mwenyewe na majani yake ya harufu na kuianika siku nne.

Kikapu kile ni cha mgeni. Mgeni anaingia, anaketi, anakabidhiwa kwa mikono miwili, anachukua punje, na hapo ndipo amekaribishwa kweli. Hakipelekwi uani. Wa nyumbani hakabidhiwi. Akitaka kahawa anajichotea kwenye chungu. Miaka tisa mimi nimejichotea kwenye chungu.

"Ingieni," mama akasema, alipokwisha kumkumbatia kila mmoja. "Ingieni muonje."

Protase akatazama saa. Alikuwa na ratiba, imechapwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya plastiki. "Tukiingia tutakaa, Mama. Leo tunawatembeza. Wewe na Feli mnapanda gari, tunaenda kuona Kamachumu, tunaenda Bukoba, jioni tunarudi, tunapiga hema hapa hapa uani kwako. Unaona? Tunalala kwako."

"Uani," mama akasema.

"Kwako," akasema Protase.

Sababu ya kutokuingia ndani niliijua. Nitaisema, ila si sasa, maana asubuhi ile sikutaka hata kuisema moyoni.

Tukapanda. Mama hakuwa ametoka nje ya Kishanda tangu Krismasi, isipokuwa kanisani. Alipakata kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba, bado cha moto. Ndani mlikuwa na ndizi alizoamka alfajiri kuzipika na maharage, na kando yake kopo la maziwa lililojaa senene wa kukaanga. Senene wale aliwaweka tangu Novemba. Kila mara nilipotaka kuonja alinipiga kibao mkononi na kusema ni wa wajukuu.

Hatukufika hata barabara kuu. Mwesiga, kijana wa miaka kumi na minne mwenye sikio lililozibwa na waya, akashika pua. "Nini hicho?"

"Chakula chenu," mama akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta, akafungua kopo kwa fahari.

"Wana miguu," Mwesiga akasema. "Dad, wana macho kabisa!"

Joanitha, wa miaka minane, akachungulia na kurudi nyuma. Nancy akageuka kutoka kiti cha mbele akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonichosha kuliko pua ya Mwesiga. "Asante sana, Mama. Tutakula baadaye, eeh? Kwa sasa tuvitunze." Akapokea kifurushi na kopo kwa ncha za vidole, akavitia ndani ya mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akautia ndani ya mfuko mwingine, akafunga tena, kisha akapangusa mikono kwa karatasi yenye dawa. Akafungua kioo. Protase akasema, "Harufu ikiingia kwenye viti haitoki, Mama, ndiyo maana." Nyuma yetu, kila tulipopita kwenye shimo, nilisikia ile ndoo yao ikicheza, chwa, chwa. Hiyo haikuwa na harufu. Hiyo ilikuwa na dawa ya buluu.

Kamachumu tulisimama mahali ambapo mlima unakatika na ziwa linaonekana kule chini. Panapendeza, sikatai. Kulikuwa na upepo, na mashamba ya kahawa yalishuka mpaka macho yanachoka. Nilitaka mama atuonyeshe njia aliyokuwa akipita utotoni kwenda shule ya misheni, lakini Protase alikuwa tayari ametoa simu yake na fimbo ya kupigia picha.

"Mama, simama hapa. Toa hicho kitambaa kichwani. Hapana, kirudishe, kinapendeza. Sasa tazama ziwa, usinitazame mimi. Tazama kama unawaza."

"Niwaze nini?" mama akauliza.

"Chochote."

Mama akatazama ziwa. Baadaye nilimuuliza aliwaza nini, akaniambia aliwaza kama nimefunga mlango wa jikoni, kuku wasije wakapanda juu ya kitanda.

Picha zilipigwa labda arobaini. Watoto walikaa ndani ya gari kwa sababu upepo ulikuwa na vumbi. Hakuna aliyeuliza jina la kilima. Nilipotaja mahali babu yao alipokuwa akiuza kahawa, Nancy akasema "wow" na kuendelea kutafuta mtandao. Nikasonya kimoyomoyo, nikarudi kukaa na mama.

Bukoba tulifika saa sita. Ratiba ilisema: ufukweni, kwa muda wa saa moja na nusu. Tukaenda ufukweni. Kisiwa cha Musira kilikuwa pale kilipo siku zote. Protase akawasimulia watoto habari zake, nyingi alizisoma kwenye simu na nusu hazikuwa za kweli. Wakatandika mkeka wa plastiki juu ya mchanga, wakafungua sanduku la barafu, wakala mikate iliyobanwa na soseji baridi. Mama alipewa mmoja. Alikula ganda la mkate, na soseji akaishika mkononi mpaka ikatoa mafuta, akaniachia mimi. Ilikuwa laini kama ulimi wa mtoto. 

"Wanakula lini vile vyangu?" mama akaninong'oneza kwa Kihaya.

"Kwa sasa wameshiba, Mama. Subiri."

Nikaenda kunawa ziwani. Niliporudi ndipo nikamwona Nancy. Alikuwa amesimama kando, penye pipa la taka, ambapo makorongo wanne wa jalalani, wale wabaya wenye vipara na mfuko shingoni, walikuwa wakimsubiri kwa adabu kubwa. Akafungua fundo la kwanza, akafungua fundo la pili, akamwaga. Ndizi zikaanguka pamoja na jani lake. Kopo akalipigapiga kwenye ukingo wa pipa ili senene wote watoke. Korongo mmoja akameza senene wa Novemba kwa mara moja na kufumba macho.

Nancy akageuka akaniona. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilinikera zaidi. Alishtuka, akaona aibu ya kweli. "Da Feli, ningefanyaje? Hawatakula. Na tumboni mwao, safarini..." Akanipa kopo tupu. "Usimwambie."

Sikumwambia. Nilirudi na kopo, na mama akalitazama, akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Wamekula?"

"Wamekula wakaisha."

"Wote?"

"Mwesiga ndiye aliyemaliza."

Mama akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Akalichukua kopo na kulipakata safari yote iliyobaki, tupu, na mimi nilikaa kando yake nikinuka maji ya ziwa na uongo. Nilimchukia Nancy, nikamchukia Protase, nikawachukia makorongo.

Tulirudi kwa njia ya Izigo. Protase alisimama mara mbili kupiga picha mikungu ya ndizi iliyopangwa barabarani, kana kwamba yeye hakukua akiibeba kichwani. Mama alichoka. Akaegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, akajifunika uso kwa kanga kuzuia jua, akalala fofofo, mdomo wazi. Tulipokata kona ya kuingia kwetu, jirani yetu Ta Ildefons alikuwa barabarani na ng'ombe wake. Alivua kofia. Nilidhani anatusalimia. Nikampungia mkono, lakini yeye hakupunga.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mama akaamka, akashuka, akaenda moja kwa moja kufungua mlango wa mbele, wote, mbao zote mbili. Sebuleni nyasi zilinukia vizuri. Kikapu kilikuwa mezani.

"Nimetandika kitanda," akasema. "Shuka ni mpya. Felicitas amezipiga pasi."

Protase alikuwa ameshaanza kushusha vyuma vya hema. "Mama, tumekwisha kuzungumza. Watoto wamezoea hema."

"Watoto walale hema. Wewe ulale ndani. Usiku mmoja tu. Nataka nikusikie ukikohoa nikiwa upande wa pili wa ukuta, basi."

Alisema hivyo hivyo. Wala hakulia. Protase akajifanya anahesabu vigingi. "Tutaona, Mama," akasema, na kila mtu aliyelelewa nyumba ile alijua maana yake ni hapana. Mama akabaki kidogo mlangoni, kisha akaingia jikoni kupika, maana alidhani labda harufu ya chakula itafanya kile ambacho maneno hayakufanya.

Hema lao lilikuwa kubwa, la rangi ya majani makavu, lenye paa la mbele linaloshikwa na nguzo nne. Protase alilisimamisha katikati ya uwanja, mkabala na mlango. Upande wa nyuma akaweka kihema chembamba cha ile ndoo. Nancy akapanga viti vya kukunja chini ya paa. Mwesiga akatumwa akusanye kuni, akarudi na tatu, nikamwongezea mimi gogo zima kwa hasira, na Protase akawasha moto mkubwa uani ili wachome soseji zilizobaki. Moshi ukapanda juu ya migomba, mnene, ukaonekana mpaka ng'ambo ya bonde.

Sasa hapa ndipo Protase alipokosea, na mimi nilikosea pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimejaa chuki hata nikasahau mambo ninayoyajua tangu utotoni. Kwetu kuna jambo moja tu linalofanya watu wasimamishe turubai mbele ya mlango, wawashe gogo uani, wakae nje na kulala nje, wakiwamo wana wa nyumba waliotoka mbali. Na mlango wa mbele huachwa wazi wote.

Tulisikia sauti ya kwanza jua likiwa bado limeshika vilele vya migomba. Ilitoka njiani, ya mwanamke, ndefu, ya kilio: "Mawe nyowe! Ma Kokuberwa weee! Umekwenda bila kuniaga!"

Nikaitambua. Alikuwa Ma Alistidia, rafiki wa mama tangu wakiwa wasichana. Nyuma yake wakatokea wanawake kumi, mikono kichwani, kanga zimefungwa kiunoni. Nyuma ya wanawake wanaume, kimya, kila mmoja na kuni begani, mmoja na mkungu mzima wa ndizi, mwingine na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ta Ildefons alitangulia na kofia yake kifuani. Akaenda moja kwa moja kwa Protase, ambaye alikuwa amesimama na soseji kwenye kijiti, akamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Nilimwona mlipompitisha. Niliona amefunikwa uso. Mmefanya vizuri kumrudisha nyumbani."

"Kumrudisha nani?" Protase akasema.

Ma Alistidia alikuwa amekwisha kujitupa chini mbele ya hema na kugaagaa. Joanitha akapiga yowe, akatupa kijiti chake, akakimbilia mahali pekee palipokuwa na mlango: ndani ya nyumba. Na kwenye mlango huo huo akapishana na bibi yake, aliyekuwa anatoka na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, kuangalia ni nani anayeita jina lake.

 Mwanaume mmoja akaangusha kuni zake. Ma Alistidia akainua uso wenye vumbi, akamtazama mama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe upo."

"Nipo," mama akasema. "Napika."

Nadhani kungekuwa na kicheko. Baadhi ya wanawake walikwisha kuanza, wakijifuta machozi na kupigana mabega. Lakini Ta Ildefons hakucheka. Ni mtu anayependa jambo lieleweke. Alitazama hema, akatazama moto, akatazama ule mlango uliofunguliwa wote, na nyasi mpya ndani.

"Sasa hawa wanalala nje kwa nini?" akauliza. "Mwana wa nyumba halali nje kama hakuna maiti ndani."

 Nancy akajaribu: "Ni kambi, Baba. Camping. Kwa kujifurahisha."

"Kambi," Ma Alistidia akasema, akijipangusa. "Nani amewafukuza?"

Nilifurahi. Ninakiri. Nilisimama pale nimekunja mikono nikitazama uso wa kaka yangu ukibadilika mbele ya kijiji kizima, na kinyaa nilichokimeza tangu asubuhi kikageuka utamu. Nilitaka waendelee. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Jibu, Protase. Waambie nyumba ya mama yako ina nini."

Akanigeukia. Sijawahi kumwona na hasira ile tangu tukiwa watoto. "Mimi niwaambie?" akasema. "Mimi? Feli, niwaambie mimi?" Akatoa simu mfukoni, akapekua, akapekua, akampa Ta Ildefons. "Someni wenyewe. Hizo picha alinitumia yeye. Mwezi wa kwanza. Aliandika yeye kwamba hii nyumba haifai binadamu kulala."

Basi niiseme sasa hiyo sababu. Januari tulikuwa na kunguni. Walitoka kwenye godoro tulilopewa na mtu, wakaingia kwenye mninga wa baba. Usiku mmoja nilichoka. Nilichoka na mama, na nyumba, na Protase anayetuma salamu. Nikafunua shuka mama akiwa usingizini, nikapiga picha. Nikapiga pembe za kitanda, zilivyojaa weusi. Nikapiga miguu ya mama, mpaka mapajani, imejaa vipele na makovu ya kujikuna. Nikamtumia kaka yangu, nikaandika: *Njoo uone mama yako anavyoishi. Hata nguruwe hawezi kulala humu.* Nilitaka aone aibu atujengee nyumba mpya, na chumba ndani yake kiwe changu. Kabla ya Pasaka nilikuwa nimewamaliza kunguni wote, kwa maji ya moto na dawa na jua. Hilo sikumwandikia. Nilijua akijua wamekwisha, hatajenga.

Hakujenga. Alinunua hema.

Simu ilizunguka. Kwa Ta Ildefons, aliyeitazama na kuipitisha haraka, kwa yule wa kuni, kwa Ma Alistidia, aliyeisogeza mbali na macho kisha karibu. Niliwaona wakiangalia mapaja ya mama yangu kwa zamu, chini ya mwanga wa moto wa soseji. Hapo ndipo roho yangu ilichafuka kweli. Ile ndoo, ile soseji, wale makorongo, vyote havikuwa kitu. Nilijisikia mimi ndiye kitu kilichokuwa kinacheza nyuma ya gari siku nzima, kimefunikwa vizuri.

Mama akanyoosha mkono. Ma Alistidia akasita, kisha akampa.

Akaitazama muda mrefu. "Hii ni miguu yangu," akasema.

"Mama," nikasema.

"Hawa waliisha kabla ya Pasaka. Hukumwambia kaka yako kwamba waliisha?"

 Protase akanitazama. Akamtazama mama. Nilimwona akielewa, na nilimwona akizeeka. "Walikwisha?" akauliza. "Feli, tangu Pasaka?"

Mama akamrudishia simu yake. Akawageukia watu, akawa mwenye nyumba. "Msisimame," akasema. "Kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani, mnajua. Pelekeni mkungu jikoni. Rubisi iwekwe hapo. Ingieni wote, ndani mna nyasi."

Wakaingia, wakivua viatu. Protase aliingia wa mwisho, ameinama ingawa mlango si mfupi, na Nancy nyuma yake amemshika Mwesiga mkono. Kitandani, kile cha mninga, Joanitha alikuwa amejikunja chini ya blanketi la bibi yake, vidole mdomoni, amelala tayari. Nancy alimtazama, akanyoosha mikono kumwinua, akaiacha. Protase akaketi kwenye nyasi, chini ya picha ya baba. Akakohoa, labda moshi, labda kilio. Mama alisimama akamsikiliza mpaka akamaliza.

Kisha akachukua kikapu. Akampa Ta Ildefons kwanza, kwa umri. Akampa Ma Alistidia, wakacheka kidogo. Akampa Protase kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili, akachukua punje, akalia waziwazi sasa, akitafuna. Akampa Nancy. Akampa hata Mwesiga, ambaye aliangalia punje kiganjani kwa woga, akaitia mdomoni, akatafuna.

Mimi nilikuwa bado kizingitini. Nilikuwa nawaza kwenda jikoni kupokea mkungu, kuongeza kuni, kufanya kazi zangu. Mama akamaliza mzunguko, akageuka, akaniona. Akaja mpaka mlangoni, taratibu, na nyasi zikilia chini ya miguu yake. Akafungua kile kifuniko cha ukili, akaninyooshea kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu," akaniambia, kwa adabu zote anazopewa mgeni.

 Nikachukua punje moja. Nikaitia mdomoni na kuitafuna, na maganda yalipobaki ulimini, machungu, sikujua niyateme wapi.